Nilisema Umekauka

Lengelenge la kwanza lilitokea shavuni mwa mama yangu, siku ya Alhamisi, saa saba na nusu mchana, jua likiwa limeupiga ukuta sawasawa. Nililiona mimi kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilikuwa nimekaa kibarazani na cherehani yangu, napinda mapazia ya Nesi, na mguu wangu ukasimama juu ya kikanyagio. Nikajiambia ni kivuli tu. Kisha likatokea la pili chini ya jicho, na la tatu kwenye paji la uso, na hapo nikaacha kujidanganya.

Mama alifariki miaka mitatu iliyopita. Pale ukutani alikuwa mrefu kuliko mlango wetu, amekaa kwenye kigoda, anacheka na mtu ambaye haonekani. Alikuwa katikati ya mtaa mzima, maana Rangi alituchora wote.

Jina lake halisi nalijua, lakini mtaani hakuna aliyelitumia. Tangu siku alipokuja kupanga chumba nyuma ya karakana ya Seremala, akiwa na ndoo mbili na ngazi moja, aliitwa Rangi, naye akaitika. Mtaa aliohamia ulikuwa wa milango iliyofungwa. Nesi, mama mstaafu wa hospitali, na Seremala walikuwa hawajasalimiana kwa miaka sita kwa sababu ya maji ya mfereji. Baba yangu alikuwa akinywa chai yake ndani, pazia limefungwa, tangu tulipotoka makaburini. Rangi alipita nyumba kwa nyumba akiomba picha moja tu ya kila familia. Halafu aliugawa ukuta wa mwisho wa mtaa kwa miraba ya chaki, kila mraba na namba yake, na mraba wa Nesi ukaangukia ubavuni mwa Seremala. Nesi akaenda kulalamika. Seremala naye akaenda kulalamika. Wakakutana palepale chini ya ngazi, na baada ya kuvimbiana kidogo wakagundua kwamba wanakubaliana jambo moja, kwamba huyu kijana amewapa pua kubwa mno. Kesho yake jioni Nesi alitoa kiti nje ili aangalie pua yake inavyorekebishwa. Wiki haikwisha, viti vilikuwa kumi na moja.

Mimi nilikuwa nimeshapenda kabla ya viti. Nilimpenda siku aliponiomba kitambaa chakavu cha kufutia brashi, nikampa kipande kizuri cha hariri bila kujua nafanya nini, akakikunja na kukirudisha, akasema, "Hiki kikatie mtu gauni." Aliniangalia hadi nikasahau sindano iko kwenye kidole gani.

Lakini Kaka yangu alikuwa na rafiki, mfamasia mwenye duka lake, mtu mpole ambaye sina baya la kumsema. Watu wake walishaleta posa. Baba aliahidi kuwajibu Jumapili hii inayokuja. Nilipomwambia kuhusu Rangi hakufoka. Baba ni fundi wa plasta, miaka arobaini kazini, na watu wa kazi ile hawafoki, wanangoja. Katikati ya ule ukuta wa mwisho, mahali ambapo Rangi alikuwa hajachora mtu, palikuwa pamejaa nyufa, kwa hiyo alichukua mwiko wake ambao haukuwa umeguswa tangu msiba, akapapiga plasta upya, mtoto wa jicho akiwa amemfunika macho yote mawili, akipima kwa kiganja. Alipomaliza akamwita Rangi.

"Kijana, mimi naenda kwa mwanangu, nafanyiwa macho. Ukuta huu unakauka kwa siku ishirini na nane. Ukiwa na haraka, jioni bandika kipande cha nailoni, uzibe kingo zote kwa gundi, ukibandue asubuhi. Ukikuta maji kwa ndani, ngoja. Ukikuta pakavu, paka."

Kisha akaingia chumbani na kutoka na picha ya mama. "Nataka nikirudi na macho yangu nimwone. Kazi ikisimama vizuri, tutazungumza na wazee wako."

Siku ya kumi na mbili nilibandika nailoni mimi. Rangi alikuwa na kazi upande wa pili wa mji, akaniomba. Asubuhi nikaibandua. Ndani kulikuwa na matone, mengi, yamejipanga kama jasho juu ya mdomo. Nikahesabu siku zilizobaki hadi Jumapili ya Baba, nikahesabu siku tisa za kupaka, nikaona tukingoja hazitoshi. Nikayafuta kwa upindo wa gauni langu. Rangi alipokuja nikamwambia umekauka.

"Kweli?"

"Kwani mimi ni binti wa nani?"

Akacheka, akapanda ngazi.

Jumatatu Baba alirudi. Aliteremka garini akiwa na miwani myeusi, Kaka amemshika mkono, akaivua miwani mbele ya ukuta, akamwangalia mama kuanzia kigoda hadi paji la uso. Mtaa mzima ulikuwa nje. Nesi alikuwa akilia waziwazi. Baba akaniuliza bila kugeuka, "Mlipima?" Nikamjibu, "Tulipima, Baba." Akaitikia kwa kichwa, akamwambia Kaka awaarifu watu wa mfamasia kwamba Jumapili atakuwa na wageni wengine. Jioni ile alitoa kiti chake nje kwa mara ya kwanza. Seremala alimletea chai. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo, na ilidumu siku tatu.

*

Saa nane kasoro uso wote wa mama ulikuwa umevimba malengelenge. Watu walitoka mmoja mmoja, wakasimama. Rangi alikuja anakimbia kutoka karakana, brashi bado mkononi, akasimama hatua mbili kutoka ukutani kama mtu aliyekatazwa kusogea.

Baba alivuka barabara. Aliweka kidole gumba kwenye shavu la mkewe, akabonyeza taratibu. Lengelenge likapasuka, na maji yakamtiririka hadi kwenye kifundo cha mkono. Akayaangalia kwa macho yake mapya.

"Nani alipima ukuta huu?"

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Rangi akaniwahi.

"Mimi, Mzee."

"Ulikuta nini?"

"Nilikuta pakavu. Nimekosea, Mzee. Nisamehe."

"Hapana," Baba akasema. Sauti yake ilikuwa chini, tena ya upole, na hilo ndilo lililoniogopesha. "Nailoni haikosewi, kijana. Ina maji au haina. Nimeisoma miaka arobaini. Ukuta uliokuwa mkavu wakati ule usingetoa maji haya leo, na mvua haijanyesha. Kwa hiyo uliyaona maji, ukapaka. Uliyaona?"

Nikamwona Rangi anaelewa. Haikuchukua muda. Alinitazama mara moja tu, mimi na upindo wa gauni niliokuwa nimeushika, kisha akarudisha macho kwa Baba.

"Ndiyo, Mzee. Niliyaona."

"Ukamweka mke wangu juu yake."

"Ndiyo, Mzee."

"Ukaniambia mmepima."

Yeye hakuwahi kumwambia hivyo. Ni mimi niliyemwambia. Rangi akainamisha kichwa.

"Wewe ni mwongo," Baba akasema mbele ya Nesi, mbele ya Seremala, mbele ya viti vyote. "Mtu asiyeweza kungoja ukuta ataweza kumngoja nani? Jumapili usilete mtu." Akatoa simu, akampigia Kaka palepale, akamwambia wa duka la dawa waje.

Na mimi? Mimi nilisimama karibu na kiti cha Nesi. Ulimi wangu, ambao unajulikana mtaani kwa kutopumzika, ulikaa kimya kama umeshonwa.

*

Mlango wa chumba cha Rangi ulikuwa wazi. Alikuwa ameketi chini na bahasha, anapanga picha za watu azirudishe, kila moja na namba ya nyumba nyuma yake. Hakuinua kichwa.

"Yalikuwepo?" akaniuliza.

"Yalikuwepo."

"Mengi?"

"Mengi."

Akaweka picha ya Seremala kwenye bahasha, akaichukua ya Nesi.

"Niliogopa," nikasema. "Siku zilikuwa hazitoshi. Nilihesabu kila namna hazikutosha. Ningekukosa."

"Ungeniambia, ningengoja."

"Na Jumapili?"

"Jumapili ningemwendea baba yako, nimwambie Mzee, ukuta bado una maji, naomba muda. Labda angekataa. Lakini angekuwa amenikataa mimi." Akajigusa kifuani. "Leo amemkataa nani? Mimi hata simjui."

"Kwa nini ulinikingia kifua, basi? Nilikuwa naenda kusema."

Hapo akainua kichwa. Macho yake yalikuwa mekundu, na nilitamani afoke, avunje kitu, anifukuze.

"Ulikuwa unaenda kusema?"

"Nilifungua mdomo."

"Mara ya kwanza, ndiyo. Nilidhani umekosea kusoma, nikasema acha nibebe, ni kosa la mkono tu. Mara ya pili mzee alipouliza kama niliyaona maji, nilingoja. Hukuona nilivyongoja?" Nikaangalia makopo ya rangi. "Aliponiita mwongo nikangoja tena. Mtaa mzima unaniangalia, watu niliokaa nao, niliokula nao, nimewachora mpaka makunyanzi. Na wewe upo pale umeshika gauni."

"Rangi."

"Usiniite hivyo leo."

Nikapiga magoti pale sakafuni kati ya makopo. Sijawahi kumpigia mtu magoti kwa sababu ya mapenzi na nilikuwa nikiwacheka wanaofanya hivyo. Nikamshika mikono yote miwili. Haikunikataa, lakini haikunishika pia.

"Niambie nifanye nini."

"Sikuambii."

"Nitafanya chochote."

"Ndiyo maana sikuambii." Akachomoa mkono mmoja, akapekua bahasha, akanipa picha ya mama. "Mrudishie mzee. Naona aibu kuipeleka."

Nikatoka nayo. Njia kutoka karakana hadi ukutani ni nyumba saba, na siku ile kila nyumba ilikuwa na mtu mlangoni. Walikuwa wanasemezana kwa sauti ya chini, na walikuwa wameanza kuingiza viti ndani. Nilimwona Seremala anabeba chake. Mfereji wa maji ulikuwa umeziba tena na Nesi aliuangalia, akamwangalia Seremala, wala hawakuambiana kitu. Siku tatu tu zilizopita wangezibua pamoja huku wanataniana kuhusu pua. Nikaelewa kwamba maji niliyoyafuta hayakuwa ya watu wawili peke yao.

Baba alikuwa amepanda kwenye kigoda na kikwangulio mkononi. Alikuwa ameshaondoa paji la uso. Alikuwa akikwangua polepole, bila kuumiza plasta, na vipande vya rangi vilikuwa vinamwangukia begani.

"Baba."

"Nenda ndani, mama. Jua kali."

Huniita hivyo akiwa ananihurumia. Nikapiga moyo konde.

"Nailoni niliibandika mimi. Asubuhi niliibandua mimi. Kulikuwa na maji, nikayafuta. Rangi nilimwambia pakavu, naye hakuona tone hata moja. Wewe pia nilikudanganya Jumatatu. Yeye hakukuambia neno."

Kikwangulio kikasimama. Nilitegemea ageuke haraka, lakini aliteremka kama mzee anavyoteremka, mguu mmoja, halafu mwingine, akinishika bega kwa sababu hakuna kitu kingine cha kushika.

"Uliyafuta na nini?"

"Na gauni."

"Ulijua maana yake?"

"Wewe ndiye ulinifundisha, Baba. Nilijua."

Akakaa kwenye kigoda. Akavua kofia. Kwa muda nilidhani anaumwa.

"Nilimwita mwongo mbele za watu," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Pale. Karibu na Nesi."

"Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Na ukaniacha niendelee." Akaniangalia, na nikatamani macho yake yangekuwa bado yamefunikwa. "Miaka arobaini sijamwonea kibarua. Leo nimemwonea mtu aliyemleta mama yako nje. Umenifanya nimwonee."

Nililia. Hakunibembeleza na sikustahili. Akamwita Seremala, akamwambia, "Nenda kamlete yule kijana. Mwambie namwomba, simwamuru. Na ninyi wengine msiende popote, mlisikia ya kwanza, msikie na ya pili."

Rangi alikuja. Alikuwa amevaa shati safi, begi begani. Akamwamkia Baba. Baba akasimama, kofia mkononi.

"Kijana, nilikukosea. Aliyeyaficha maji si wewe. Binti yangu ameniambia mwenyewe. Nilikuita mwongo hapa, nalifuta hapa, na wote wananisikia. Nisamehe."

"Yameisha, Mzee."

"Hayajaisha. Jumapili ni yako. Watu wa mfamasia nitawaomba radhi mimi mwenyewe, hiyo ni aibu yangu. Walete wazee wako. Ukuta nitaupiga upya, na safari hii tutaukalia wote mpaka siku zake."

Nesi akasema, "Ahsante Mungu." Seremala akakohoa. Mtu mmoja nyuma akaanza kupiga makofi, akaacha. Mimi nilikuwa namwangalia Rangi, nasubiri uso wake ufunguke kama nilivyouzoea, na haukufunguka.

"Mzee, nashukuru," akasema. "Nashukuru sana, na ukuta nitarudi kuupaka, siku ishirini na nane zikitimia, hiyo ni ahadi. Mama namchora upya. Lakini Jumapili sitaleta mtu."

"Kwa nini?" Baba ndiye aliyeuliza.

"Nampenda, Mzee. Sitaki kukuficha. Tatizo ni kwamba kazi yangu yote niliijenga juu ya neno lake moja. Nilimuuliza, kweli? Akaniambia kweli. Sikwenda kugusa." Akanigeukia. Ilikuwa mara ya kwanza aniangalie tangu nitoke chumbani kwake, na alinitazama kwa upendo uleule, jambo ambalo lilinimaliza kabisa. "Sasa nikitaka kujua kama nitakuamini tena, mtu ambaye ningemuuliza ni wewe."

"Nipe muda," nikasema. "Ngoja. Siku ishirini na nane. Hamsini. Mia."

"Sijui ni ngapi. Nikikutajia idadi nitakuwa nakudanganya."

Akampa Nesi bahasha ya picha, akaomba amsaidie kuzigawa. Akapeana mkono na Seremala. Kwangu akasimama. Akaweka begi sawa begani na kuondoka kwa njia ya karakana, na mtaa mzima ulimsindikiza kwa macho mpaka kona. Nilisimama nikiwa nimeshika picha ya mama, nikihisi kwamba nikiketi sitanyanyuka tena.

Baba akavaa kofia. Kisha akasogea karibu, akasema kwa sauti ya watu wawili, lakini mtaa ule siku hizi unasikia kila kitu.

"Mama, nisikilize. Wa duka la dawa bado sijawaambia wasije. Wanajua ni Jumapili. Ni watu wazuri. Huyu ameondoka, na kama atarudi atarudi kwa ajili ya ukuta, hilo ndilo aliloahidi. Nikiwakataa wale leo, hawarudi. Na huyu asiporudi kwako?"

Ningeweza kunyamaza. Nilishaona siku ile jinsi kunyamaza kulivyo rahisi, na jinsi mambo yanavyojipanga yenyewe mtu akinyamaza. Mfamasia angenioa, angenitunza, asingewahi kuniuliza swali ambalo lingenilazimu kujibu kwa kweli. Ningempa miaka yangu yote na asingejua kwamba nilimjia kwa sababu nilimkosa mwingine.

"Hapo nitakuwa nimewakosa wote wawili, Baba. Mpigie."

"Una hakika?"

"Sina. Mpigie."

Akaitoa simu mfukoni, akaibonyeza, akaiweka sikioni. Upande wa pili wakapokea kwa furaha, wakamwamkia, wakamuuliza hali ya macho. Baba akawajibu kwamba anaona vizuri, kisha akaanza kuwaambia kwamba Jumapili wasije, nami nikasimama pale pembeni yake nikisikiliza mpaka neno la mwisho.